Kitufe cha Kusubiri

"Nane, nane, nane, nane, nane." Injinia Ivonne Pereda alisoma huku kidole chake kikishuka kwenye skrini, kisha akaigeuza kompyuta ili na sisi tuone aibu yetu. "Wiki iliyopita nane tano. Wiki ya kabla yake nane tano. Tangu Machi bwana huyu hajachelewa, hajaumwa, hajaenda hata msalani. Na lifti nilizompa azikarabati, hakuna hata moja inayopanda. Haya, nielezeni."

Mvua ya Julai ilikuwa ikipiga madirisha ubavuni, kama kawaida ya Montevideo upepo unapotoka mtoni. Bosi wangu, Wilson Techera, alikuwa akitabasamu kama mtu anayeumwa jino. Injinia Ivonne ndiye aliyekuwa mteja wetu mkubwa. Kampuni aliyoachiwa na marehemu baba yake ilikarabati lifti za majumba ya zamani mji mzima, na mafundi wake wote waliandika saa zao za kazi ndani ya Hornero, programu yetu ya kusimamia miradi. Tuliiita kwa jina la yule ndege anayejenga nyumba ya udongo juu ya nguzo za umeme. Na mimi, Nelda Bentancor wa Paysandú, mji wa mkoani, ndiye niliyeandika sehemu nzima ya saa na ripoti. Nasema mapema mjue mnamsikiliza mtu wa namna gani. Kujivuna najivuna, tena hadharani.

Bwana wa nane tano alikuwa Ademar Larrosa, fundi mkuu, aliyeingia kwenye kampuni ile Injinia mwenyewe akiwa bado anavaa soksi za shule.

"Mambo ni mawili," Injinia alisema. "Ama Ademar ananiibia saa, ama uzee umemwingia mikononi. Mwisho wa mwezi ujao naivunja timu yake. Na ninyi pia tutaagana, maana ripoti isiyonieleza kitu naweza kujiandikia mwenyewe."

Wilson alinikanyaga mguu chini ya meza. Ananijua. Lakini maneno yalikuwa yameshafika mlangoni.

"Kuna la tatu, Injinia," nikasema.

"Lipi?"

Sikulijua. Nilijua tu kwamba hakuna binadamu anayeishi nane tano, wiki baada ya wiki, kama mashine ya kushonea. "Mwisho wa mwezi ujao nitakuletea," nikasema, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Mpaka leo naipenda sauti ile.

Zile nane kila mtu alizijua. Ijumaa saa kumi jioni, Uruguay nzima inaandika saa zake za wiki kwa mpigo mmoja, kama watu wanaolipa faini. Nani anakumbuka Jumatatu alifanya nini? Unaandika nane mara tano, unachukua koti, unaondoka. Na Wilson, aliyerudi na wazo hilo kutoka semina moja huko Buenos Aires, alikuwa ameagiza kwamba siku yoyote yenye pungufu ya nane igeuke nyekundu. Tangu siku hiyo saba ilipotea nchini. Sita nayo ikafuata.

"Dawa ninayo," Wilson aliniambia Injinia alipoondoka. "Saa inayojihesabu. Simu ya fundi ikifika kwenye jengo, saa inaanza. Simu ikitulia, saa inasimama. Hakuna kuandika, hakuna kudanganya."

"Hiyo siyo saa, bosi. Hiyo ni askari."

"Askari akimkamata mwizi, kosa la nani?"

"Na akimkamata mwenye nyumba?"

"Nelda, nenda kaandike programu. Methali waachie bibi zako."

Akaanza kumjenga askari wake. Mimi nikavaa koti, nikaenda kumtafuta Ademar.

Nilimkuta kwenye jengo moja la ghorofa nane mtaa wa Cordón, juu kabisa, kwenye ngazi ya chumba cha mashine. Nilipanda kwa miguu, maana tundu la lifti lilikuwa wazi na geti lake la chuma limefungwa kwa kamba. Nilifika juu nikihema kama mbwa wa Januari. Ademar alikuwa mtu mrefu mwenye nyusi nene na kofia ya sufi. Mkono wa kushoto ameshika kibuyu cha yerba, ile chai yetu chungu, chenye mrija wake, na chupa ya maji moto ameibana kwapani mkono huohuo. Mafundi wake wawili walikuwa wakicheza karata juu ya sanduku la spana.

"Wewe ndiye wa ile programu?" akaniuliza. "Ile nyekundu?"

"Ndiye mimi."

"Mama yangu! Nilidhani ni mwanaume mwenye roho mbaya."

"Roho mbaya ninayo. Hicho kingine ndicho sina."

Wakacheka. Akajaza maji kwenye kibuyu, akanipa. Nikanyonya upesi, chungu mpaka utosini, nikamrudishia, nikasema asante ili tuingie kwenye maswali. Kicheko kikakatika. Kwetu anayerudisha kibuyu akasema asante amejitoa kwenye mzunguko, hapewi tena.

"Kimoja tu," Ademar akawaambia wenzake. "Ana haraka." Hakunisemesha neno lingine mpaka nilipoanza kuteremka zile ngazi.

Kesho yake nilirudi na mfuko wa mikate ya siagi yenye moto, nikaketi, na neno asante nikaliacha chini kwa bawabu. Hata hivyo siku hiyo bawabu hakuwepo. Alikuwa ameondoka na ufunguo wa chumba cha umeme kwenda kumtazama mama yake huko Pando, na watu watatu walikuwa juu ya paa wakimngoja. Jana yake walimshusha Doña Chela, bibi mzee wa ghorofa ya saba, kwa kiti, mmoja mbele mmoja nyuma, aende kwa daktari wa moyo. Kisha wakamngoja chini mpaka arudi, kwa sababu nani mwingine angempandisha? Na tangu wiki mbili nyuma walikuwa wakingoja kapi jipya, lile gurudumu linalopitisha kamba za chuma, ambalo bila hilo lifti ni kabati tu.

"Kapi limekwama wapi?" nikauliza.

"Makaratasi," Ademar alijibu, akainamia kibuyu. Fundi mmoja akakohoa.

Nilikuwa nimenogewa na maneno, kibuyu changu mkononi, nikieleza jinsi ripoti inavyopaswa kuwa. Ademar akanyoosha mkono.

"Binti, hicho siyo kipaza sauti. Kunywa urudishe, wenzako wanangoja."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kisha nikamuuliza lililonileta: mbona haandiki kwamba anasubiri?

"Niandike wapi? Mmeweka kubomoa, kufunga, umeme, majaribio, safari. Kusubiri hamkuweka, na hamkukosea. Kusubiri siyo kazi. Baba yangu angeona nimeandika 'leo nimekaa', angefufuka anizabe kofi."

"Basi hata hayo mengine andika siku ileile, usingoje Ijumaa. Hebu nionyeshe unavyoandika."

Akatoa simu kwa mkono wa kulia. Programu ikafunguka na mistari yangu midogo midogo, ile niliyoipanga kwa fahari kwenye meza yangu kubwa yenye skrini mbili. Akajaribu kubonyeza kwa dole gumba. Dole likagusa mistari mitatu kwa mara moja.

"Weka chupa chini ushike simu kwa mikono miwili," nikamwambia.

Watu watatu walinitazama kama nimetukana kanisa.

"Niiweke chini? Wewe wa Paysandú umerogwa?"

Hapo ndipo nilipouona upumbavu wetu wote, nikapiga paja kwa furaha. Tulikuwa tumewaandikia watu wa Montevideo programu inayotaka mikono miwili. Mtu wa Montevideo anazaliwa na mikono miwili, lakini mmoja una kibuyu maisha yake yote. Ule wa pili ndio anaofanyia kila kitu, anaendeshea baiskeli, anasukumia gari la mtoto. Sisi wenyewe ofisini tulikuwa hivyohivyo, na hakuna aliyewaza.

Nilishuka ngazi zile nikiimba. Kwa wiki moja sikumsikiliza mtu. Nilifuta mistari yote, nikaweka skrini moja yenye kitufe kimoja kikubwa, dole gumba lote linatosha. Ukibonyeza, kinasema Nafanya. Ukibonyeza tena, kinasema Nasubiri, halafu kinakuuliza: unamsubiri nani? Unaandika jibu, refu au fupi, au unachagua lile la jana. Hakuna nane wala nyekundu. Na kwenye ripoti saa za kusubiri nilizipa rangi ileile ya buluu ya kazi, kwa sababu mtu aliye juu ya paa kwenye baridi ya Julai kwa ajili ya lifti ya watu yuko kazini.

"Umewapa watu kitufe cha uvivu!" Wilson alipiga kelele alipokiona.

"Ndiyo. Sasa utajua uvivu ni wa nani."

"Watakibonyeza kutwa nzima."

"Thubutu! Huwajui watu wako, bosi."

Kumbe na mimi nilikuwa simjui mmoja. Wiki ya kwanza ya majaribio mafundi wawili walibonyeza bila shida. Nasubiri: bawabu. Nasubiri: Doña Chela. Nasubiri: kapi. Ademar aliwasha Nafanya kila asubuhi, na Nasubiri hakubonyeza hata mara moja. Ripoti ikatoka kichekesho. Watu wawili wamekaa wakingoja ufunguo, na katika jengo hilohilo, saa hiyohiyo, gizani, bila umeme, Ademar Larrosa peke yake anafanya kazi kama mwendawazimu. Nane yake ilikuwa palepale.

Sikucheka. Injinia Ivonne angeitazama ripoti hiyo mara moja tu. Wenzake wawili wakweli, yeye mwongo. Kitufe changu, nilichokitengeneza kumwokoa, kilikuwa kimemfunga kamba shingoni.

Alhamisi ya kabla ya mkutano nilipanda tena. Wenzake walikuwa wamekwenda kumshusha Doña Chela. Ademar alikuwa peke yake, na kwa mara ya kwanza sikuleta mikate.

"Bonyeza, mzee," nikamwambia. "Kesho wanakuondoa."

"Wakiniondoa nitakwenda. Nimepandisha mji huu mzima kwenda juu, binti. Hakuna wa kuniambia sijui kazi."

"Ndicho watakachosema! Kwamba hujui kazi, au mwizi. Unataka lipi?"

Akajaza kibuyu, akakinywa mwenyewe.

"Hicho kitufe chako kina adabu mbaya," akasema. "Kinauliza namsubiri nani. Na mimi uongo wa nane nauweza, maana ni namba tu. Uongo wa jina siuwezi."

"Unamsubiri nani?"

"Kapi linataka saini. Saini ni ya Ivonne. Makaratasi yako mezani kwake tangu mwezi uliopita, chini ya makaratasi mengine. Anakumbuka kupiga simu kuulizia lifti, saini haikumbuki. Ana kampuni nzima kichwani, baba yake amemwachia ghafla." Akaipangusa chupa kwa mkono wa koti. "Siku moja mzee Pereda alimleta kazini, kwenye jengo kama hili. Mtoto akachoka ghorofa ya tatu. Nilimbeba mgongoni mpaka juu, akalala njiani. Sasa niandike jina lake pale, wasome watu? Nimshtaki? Heri aseme mzee amechoka."

Nakiri nililia kidogo, na sioni haya. Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima kuhusu data, yote ikanitoka kichwani. Nikabaki nakitazama kibuyu alichonipa.

"Mzee," nikasema, "siku ile nilipokaa na kibuyu chako nikipiga domo, ulifanyaje?"

"Nilikwambia siyo kipaza sauti."

"Ulinishtaki?"

"Nikushtaki kwa nini? Mwenye kumimina lazima aseme. Asiposema mzunguko wote unakwama, maji yanapoa."

"Na mimi nilikasirika?"

"Ulicheka mpaka ukapaliwa."

Sikuongeza kitu. Kwa mtu kama mimi, hilo lilikuwa tendo la ushujaa. Nilikunywa, nikarudisha, nikapewa kingine, nikanywa, nikarudisha. Ademar alitazama mji, mapaa yenye matangi ya maji, mto wenye rangi ya kahawa ya maziwa. Nikashuka bila kujua kama atabonyeza.

Mkutano ulikuwa Ijumaa asubuhi. Wilson alikuja na kompyuta mbili, moja yenye kazi yangu na nyingine yenye askari wake, akiwa tayari kunizika na kuendelea na safari.

"Injinia, kwanza nikuonyeshe saa inayojihesabu..."

"Niliahidiwa la tatu," Ivonne alimkata. "Yuko wapi mwenye la tatu?"

Nikafungua ripoti kwa mkono mmoja, mwingine una kibuyu. Ivonne akavuta kiti. Akapitia mafundi wawili, akatikisa kichwa, akauliza Doña Chela ni nani, nikamweleza habari ya kiti. Kidole chake kikapunguza mwendo. Kisha akafika kwa Ademar.

Jumatatu, nane. Jumanne, nane. Jumatano, nane. Niliona Wilson akisogeza kompyuta yake ya pili karibu.

Alhamisi hapakuwa na nane. Mstari wa buluu ulianzia saa ileile niliyoshuka ngazi, ukaendelea mpaka jioni, na Ijumaa asubuhi bado ulikuwa unatembea mbele ya macho yetu, dakika kwa dakika. Injinia akaugusa ili asome maneno. Alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti, akasoma kabla hajajua anasoma nini.

"Nasubiri: Ivonne. Kibuyu kiko kwako, binti. Siyo kipaza sauti."

Wilson aligeuka rangi ya jibini. Mimi nilikishika kibuyu kwa mikono miwili, kwa sababu hakuna anayejua tajiri atafanyaje akiambiwa ukweli na fundi wake mbele ya watu.

Ivonne aliyasoma tena, safari hii kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha kidole kikarudi juu kwenye "Nasubiri: kapi" ya wenzake. Mkono wake ukaenda begani, ukautafuta mkanda wa mkoba. Akafungua mkoba, akatoa bahasha nene, akachambua karatasi moja moja mpaka akaipata ile iliyokuwa chini kabisa.

"Nani ana kalamu?" akauliza.

Wilson aliangusha yake mara mbili kabla ya kumfikishia.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ivonne hakujitetea wala hakumtafuta wa kumlaumu. Alisaini pale pale, akampigia Ademar simu, akatoka nje ya mlango kuzungumza naye. Hatukusikia maneno, tulisikia tu kicheko cha mtoto wa shule kutoka kwa mwanamke aliyevaa suti. Lifti ile ilipanda kabla ya majira ya kuchipua. Wa kwanza kuingia alikuwa Doña Chela, ametengeneza nywele saluni kwa ajili ya siku hiyo, akateremka na kupanda mara kadhaa bila kwenda popote.

Leo Hornero inatumika Rosario, Asunción, mpaka Valparaíso ng'ambo ya milima. Kizuri chajiuza. Wilson husimama kwenye mikutano akasema "kitufe chetu", nami humwacha amalize, kisha nasimama nasema jina langu. Wateja wameniletea maombi ya kukifanya kitufe cha kusubiri kiwe kijivu, au njano, au kiwe na kengele. Nimekataa yote. Mimi ndiye niliyekipa buluu.

Siku ya mwisho ya kazi ya Ademar alinialika kunywa yerba kwenye jengo lile la Cordón, juu ya paa. Nilichelewa. Mkutano ulirefuka, barabara ilijaa. Nilifika chini nikiwa na mikate iliyokwisha poa, bawabu akanifungulia geti la chuma linalong'aa, na lifti ikanipandisha taratibu, ghorofa kwa ghorofa, bila kutikisika, kamba zikipita kwenye kapi lile. Nilisimama humo nimenyooka kama bibi harusi.

Ademar alikuwa ameketi kwenye ngazi ileile, chupa kwapani, kibuyu mkononi. Hakunilaumu. Alinigeuzia tu simu yake nione. Mstari wa buluu ulikuwa umeanza mapema sana mchana ule, na bado ulikuwa ukitembea.

Nasubiri: Nelda.

"Nimeshafika, mzee," nikasema. "Kizime."

"Ngoja kwanza unywe."

Akamimina. Nikanywa mpaka mrija ukakoroma, nikamrudishia kibuyu, na sikusema asante.